Bizari ya Mia Mbili na Safari Yake ya Jalalani

"Mama, naomba bizari ya mia mbili."

"Ya pilau au ya manjano?"

Mazungumzo ya namna hii husikika kila jioni kwenye maduka na magenge ya Katandala, mjini Sumbawanga, mkoani Rukwa. Muuzaji huchana kipakti kimoja kutoka kwenye mkanda unaoning'inia msumarini, mteja hukipokea pamoja na nyanya na vitunguu, kisha kila mtu anaendelea na yake. Nyumbani kipakti hukatwa kwa meno. Nusu ya unga huingia kwenye sufuria, nusu inayobaki hukunjwa na kusokomezwa nyuma ya kopo la chumvi. Siku atakapoikumbuka mpishi, itakuwa imeshikamana kama tope lililokauka, haina harufu wala ladha, na itatupwa pamoja na nailoni yake.

Nailoni hiyo haizidi upana wa vidole vitatu, na ndiyo maana imeponyoka. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na zile rambo zilizokuwa zikipeperuka barabarani zimepungua. Marufuku ile ililenga kibebeo. Kipakti cha bizari kilihesabiwa kuwa kifungashio, kikaendelea na maisha yake. Wanaookota taka za kuuza huchukua chupa za maji kwa sababu zina uzito na zina mnunuzi. Kipakti hakina mnunuzi. Huchomwa uani pamoja na majani makavu, au hubaki mtaroni kikingoja mvua ya Novemba ikisombe.

Hata hivyo, hasara iliyo kubwa zaidi ni ule unga uliotupwa ndani yake. Umetoka mbali mno kuja kufia nyuma ya kopo la chumvi.

Kutoka Pemba na Amani hadi Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambako Sumbawanga ipo, haulii njaa. Una mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Lakini viungo vya pilau karibu vyote havioti huku. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waote moto asubuhi. Mkarafuu unataka joto na unyevu wa Pemba na Unguja. Pilipili manga, mdalasini na hiliki hutoka Muheza, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, na katika vijiji vya milima ya Uluguru, Morogoro. Tangawizi hulimwa kwa wingi Same, Kigoma na Ruvuma. Bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira, kwa sehemu kubwa huvuka bahari kutoka nchi kama India. Mzigo ukitoka Pwani, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mbeya na Tunduma kabla haujashushwa Sumbawanga.

Kabla ya lori, kuna shamba. Hiliki hupenda kivuli, na kwa miaka mingi wakulima wa milima inayozunguka Amani, wilayani Muheza, waliipanda ndani ya msitu wa asili. Walifyeka miti midogo na vichaka, wakaiacha miti mikubwa isimame kama mwavuli. Kwa macho, msitu ulionekana bado upo. Kumbe chini ya ule mwavuli hapakuwa na miche ya kurithi nafasi ya wazee, na ardhi ilipochoka baada ya miaka kadhaa, hiliki iliondolewa na mazao mengine yakaingia. Sehemu ya msitu ule ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na siku hizi wakulima wengi huchanganya hiliki, pilipili manga, mdalasini na miti ya kivuli ndani ya mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo punje ya hiliki inayovunda kwenye kabati la Katandala ilishagharimu kivuli cha mti fulani huko Muheza.

Pemba nako kuna la kujifunza. Karafuu huchumwa kwa mkono, mchumaji akiwa juu ya mti, kisha hukaa watu wakazichambua kwa vidole, karafuu huku, makonyo kule. Karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa kwenye majamvi. Yale makonyo, vikonyo ambavyo mtu angedhani ni takataka, hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yakamuliwe mafuta. Watu wanaojua jasho la karafuu hawatupi hata kikonyo chake.

Sokoni: kizima kwanza

Ushauri wa kwanza ni mwepesi: nunua kiungo kizima kila inapowezekana. Harufu ya kiungo ni mafuta mepesi yaliyofungiwa ndani ya ganda, gome au mbegu. Kikisagwa, mafuta hayo hukutana na hewa kila upande na kuanza kutoroka. Pilipili manga nzima, karafuu, vijiti vya mdalasini na mbegu za giligilani hukaa vizuri miaka miwili au zaidi zikitunzwa pakavu. Unga wake, katika jiko la kawaida linalofunguliwa makopo kila siku, huanza kuchoka ndani ya miezi sita. Anayenunua kizima hutupa kidogo.

Kizima pia ni vigumu kukichakachua. Kisa cha Bangladesh kinafundisha. Huko baadhi ya wasindikaji wa manjano walikuwa wakipaka mizizi rangi yenye risasi, ile ya njano ya viwandani, ili ing'ae sokoni. Watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford waliianika habari hiyo mwaka 2019, serikali ikawabana wafanyabiashara, na sehemu ya manjano yenye risasi katika masoko yaliyopimwa ikashuka kutoka asilimia 47 hadi sifuri kufikia mwaka 2021. Manjano nzima huweza kuoshwa, kukwaruzwa na kuvunjwa ili kuona rangi ya ndani. Unga unaong'aa kupita kiasi hauna pa kukwaruza. Ukilazimika kununua wa pakti, tafuta nembo ya Shirika la Viwango (TBS) na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutazama bei.

Macho, pua na kucha ndivyo vipimo vya sokoni. Karafuu nzuri ina kichwa chake juu na ukiibonyeza kwa kucha hutoa mafuta kidogo. Ukiitia kwenye glasi ya maji, iliyo na mafuta yake huzama au husimama wima. Iliyokwisha kukamuliwa hulala juu ya maji kama kijiti. Hiliki iwe ya kijani au ya maziwa, na ganda liwe limefunga. Mdalasini uvunjike kwa sauti kavu. Pilipili zilizokauka zisiwe na madoa meusi wala ukungu, na tangawizi kavu isiwe na vumbi jepesi linalotoka kwenye vitundu, kwa maana hapo vidudu wameshafika kabla yako.

Kuhusu ukungu, hakuna mzaha. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Fangasi wanaotengeneza sumu hiyo hawachagui mahindi tu. Pilipili, tangawizi na manjano zilizokaushwa vibaya huwafaa pia. Sumu yenyewe haiondoki kwa kupikwa. Kiungo chenye ukungu hakikwanguliwi wala hakianikwi upya.

Sasa bei. Wengi hununua kipakti kwa sababu mia mbili ipo mfukoni na elfu kumi haipo, na hilo halina aibu. Ila hesabu ifanyike walau mara moja. Chukua mfano wa kipakti chenye gramu 5 kwa shilingi 200: kilo moja ya bizari hiyo inakuwa imemgharimu mnunuzi shilingi 40,000. Pima kipakti chako kwenye mizani ya duka lolote, piga hesabu hiyohiyo, kisha uulize bei ya kilo sokoni. Tofauti utakayoiona ndiyo unayolipia nailoni na kazi ya kuifunga.

Njia ya kuiepuka ipo tayari mtaani. Wanawake wengi wa Sumbawanga ni wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, na hukutana kila wiki. Kikundi cha watu kumi kikichanga na kununua kilo moja ya pilipili manga, kila mmoja anaondoka na gramu 100, kiasi kinachoitosha familia kwa miezi mingi. Mwezi unaofuata wanachukua hiliki, mwezi mwingine mdalasini. Mfuko mmoja umechukua nafasi ya vipakti mamia. Anayesafiri kwenda Mbeya au Dar es Salaam kwa shughuli zake anaweza kuagizwa, bila safari kupangwa kwa ajili ya viungo.

Kwenda sokoni na chombo chako kunahitaji ujasiri wa siku ya kwanza tu. Muuzaji aweke kopo tupu kwenye mizani kwanza, aone uzito wake, ndipo amimine. Asipokubali, apime kwake kisha akumiminie. Angalizo moja: kurasa za gazeti na madaftari yaliyoandikwa zina wino, na unga wa viungo una mafuta yanayouvuta wino huo. Viungo vizima vikifungwa humo kwa nusu saa ya kutoka sokoni vitafika salama, lakini unga usikutane na karatasi iliyochapishwa.

Makopo ambayo tayari unayo

Siku hizi picha za simu zimejaa majiko yenye safu za chupa zinazofanana, zenye vifuniko vya mbao na majina ya mkato. Kununua chupa ishirini mpya ili kulinda mazingira ni kichekesho. Chombo kizuri ni kile kilichokwisha kulipiwa.

Katika nyumba nyingi, chombo hicho ni kopo la Africafé. Lina kifuniko kinachobana, halipitishi mwanga, na harufu ya kahawa iliyobaki inapatana vizuri na mdalasini. Chupa za kioo za jamu, asali na siagi ya karanga ni bora zaidi kwa sababu kioo hakinyonyi harufu. Ukiweka hiliki kwenye chupa iliyokuwa na bizari ya mchuzi, mwezi ujao chai haitakulalamikia. Kopo la plastiki, hasa lililokuwa la siagi, hushika harufu ya kila kilichopita humo. Karafuu ndizo hazipatani nalo kabisa, kwani mafuta yake makali hula baadhi ya plastiki ngumu hadi zikakwaruzika na kupoteza mng'ao. Zipe kioo.

Kuandaa chupa hakuhitaji sabuni ya gharama. Loweka kwenye maji ya moto, karatasi ya nembo itabanduka. Gundi iliyobaki isugue kwa mafuta kidogo ya alizeti yaliyochanganywa na majivu laini. Kifuniko chenye harufu ya achari kianikwe juani siku mbili tatu, kikiwa kimeelekezwa juu. Kisha chupa ikauke kabisa. Ikiachwa na tone moja la maji chini, tone hilo litakuwa ukungu kabla mwezi haujaisha. Kopo la bati nalo lina sharti lake: lisiwekewe chumvi, maana chumvi hula bati likaota kutu, na wakati wa mvua kutu hiyo haikawii.

Majina yaandikwe, pamoja na mwezi na mwaka wa kununua. Kipande cha kalenda ya mwaka jana na uji mzito wa ngano vinatosha kuwa lebo na gundi. Tarehe ndiyo inayomwonyesha mpishi kipi kianze kutumika. Bila tarehe, kipya hufunguliwa kila mara na cha zamani husogea nyuma.

Kabati, mvuke na mvua

Viungo vina maadui wanne: mwanga, joto, hewa na unyevu. Ubaridi wa Ufipa ni bahati ambayo mpishi wa Dar es Salaam hana. Jotoridi dogo hupunguza kasi ya harufu kutoroka na huwachelewesha vidudu. Bahati hiyo hupotezwa na rafu iliyopigiliwa juu ya jiko la mkaa. Pale joto, moshi na mvuke vyote hupanda, na viungo hupikwa kidogo kidogo kila siku kabla ya siku yao.

Mahali pazuri ni kabati au sanduku kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na dirisha. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili hutoa ubaridi wenye maji. Chupa zilizoegemea hapo huloa mgongo. Ziachie nafasi ya vidole viwili, au zitandikie ubao.

Kosa moja dogo huharibu viungo vingi kuliko mengine yote: kunyunyizia unga moja kwa moja kutoka kwenye kopo juu ya sufuria inayochemka. Mtazame mpishi mwenye haraka. Anainamisha kopo, anagonga kitako, mvuke unapanda na kuingia mdomoni mwa kopo, naye anafunga kifuniko juu ya ule mvuke. Kesho yake unga umetengeneza vidonge. Chota kwa kijiko kikavu, weka kiganjani au kwenye kisosi, ndipo upeleke kwenye sufuria.

Vidudu wakionekana kwenye mbegu nzima, wenye friji waweke chupa kwenye sehemu ya barafu kwa siku kadhaa, kisha wachekeche. Ambao hawana, wachekeche, wazikaange mbegu hizo kwa moto mdogo na kuzitumia zote wiki hiyohiyo. Kopo lioshwe na kuanikwa kabla ya kupokea kingine.

Kinu, alizeti na maharage yasiyoiva upesi

Kinu kidogo na mchi ndivyo vinavyokamilisha habari ya kununua vizima. Kila wiki, au siku tatu kabla ya sherehe, twanga kinachotosha. Bizari nyembamba na giligilani zikaangwe kwanza bila mafuta hadi zinukie, zipoe, ndipo zitwangwe. Zikiwa za moto hutoa unyevu kinuni. Manjano nzima ni ngumu kama mfupa, basi ivunjwe kwanza kwa jiwe ndani ya kitambaa. Mtu asidhani ataipeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani: mwenye mashine hatakubali, na kwa haki, kwa sababu mteja wa mahindi atakayefuata atarudi nyumbani na sembe ya njano.

Mwinuko una jambo lingine la kumfundisha mpishi. Maji ya Sumbawanga huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, chini ya zile 100 za Pwani, na ndiyo sababu moja inayofanya maharage yale yale yachelewe kuiva huku. Anayetia bizari na hiliki mwanzoni, pamoja na maharage mabichi, huzichemsha kwa saa mbili na harufu yote hutoka na mvuke. Jirani atainusa zaidi ya mlaji. Afadhali viungo vikaangwe mwishoni na kitunguu kwenye mafuta ya alizeti, ambayo Rukwa inayo kwa wingi, kisha vimiminiwe juu ya maharage yaliyoiva. Mafuta hupata joto kali bila kujali mwinuko, tena harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Hata migebuka ya Ziwa Tanganyika inayopandishwa kutoka Kasanga hutosheka na nusu ya kiasi cha kawaida ikiungwa hivyo. Bizari imepungua, na mkaa hauchomwi kwa ajili ya harufu inayokwenda hewani.

Vinavyoota uani, na vilivyokufa

Vipo viungo ambavyo havina haja ya lori. Giligilani hupenda ubaridi. Pwani hukimbilia kutoa maua, huku hutoa majani kwa muda mrefu, na mbegu zake zikikauka zinavunwa za kutosha mwaka mzima. Kitunguu saumu nacho ni mtoto wa nyanda za juu, hupandwa mvua kubwa zikielekea ukingoni ili vitunguu vikomae wakati wa kiangazi. Mchaichai, mnanaa na rozimari hukaa hata kwenye debe lililotobolewa kitako. Pilipili kichaa hutaka pembe ya ukuta yenye jua la asubuhi na kinga dhidi ya upepo wa Julai. Kiangazi cha Ufipa, kuanzia Mei hadi Oktoba, ni kikaushio cha bure: pilipili kwenye ungo, juani, zikifunikwa chandarua chakavu kuzuia inzi, majani ya mnanaa na rozimari kivulini, maana jua kali huyaiba harufu.

Na vile vilivyokwisha kufa kabatini? Sugua kidogo kati ya vidole na unuse. Kama harufu ipo kwa mbali, ongeza kiasi na uvimalize mwezi huu. Kama haipo, lakini pia hakuna ukungu, bado kuna kazi. Karafuu zilizochoka hutiwa kwenye kitambaa na kuwekwa kati ya mablanketi kufukuza nondo. Unga wa pilipili uliopauka huloweshwa usiku kucha na sabuni kidogo ya kipande, ukachujwa kwa kitambaa na kunyunyiziwa vidukari kwenye chainizi na sukuma wiki. Kinachobaki, pamoja na maganda ya hiliki na makapi ya tangawizi ya chai, hurudi udongoni. Wafipa walikuwa wakigeuza nyasi na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza humo na kuwa mbolea, zamani kabla gunia la kwanza la mbolea ya dukani halijafika uwanda huu. Tuta dogo moja nyuma ya jiko lina nafasi ya maganda hayo.

Anayetaka kuanza asiende dukani kwanza. Jumamosi moja yenye jua, kabla mvua za Novemba hazijafika, atoe kila kitu kabatini na kukipanga kwenye mkeka: vipakti vilivyofunguliwa, makopo yasiyo na majina, chupa tupu za asali. Vipakti vya aina moja viunganishwe na kutiwa kwenye chupa moja, na tarehe ya leo ibandikwe juu yake. Jioni ya siku hiyo huenda akagundua kwamba bizari ya pilau anayo ya kutosha hadi Krismasi, na kwamba orodha ya sokoni imebaki na kitu kimoja tu, hiliki, ambayo VICOBA ya Jumatano inaweza kuizungumza.